Mbwa aachiwe nyumba nzima au la? Mwongozo wa kuamua chumba kwa chumba

Kila msimu wa chanjo, foleni ikiwa ndefu na jua limekolea, wenye mbwa huanza kupiga soga, na swali huwa lile lile: "Wako unamwacha azunguke ndani?" Mmoja amepewa kitoto cha mbwa na shemeji yake. Mwingine amehamia nyumba isiyo na ua. Mwingine mbwa wake wa kwanza alirushiwa nyama yenye sumu usiku juu ya ukuta, na huyu wa pili hataki kumlaza nje. Wote wanataka ndiyo au hapana.

Nimefuga mbwa ndani hapa Dar es Salaam kwa miaka kumi na miwili, na kila nikiulizwa hivyo huwa nagawa swali mara tatu. Azunguke nyumba nzima wakati upo macho? Wakati umelala? Wakati hakuna mtu kabisa? Kila swali lina jibu lake. Wapo mbwa wanaostahili ndiyo ya kwanza na wasistahili ya tatu maisha yao yote, na hawana ubaya wowote. Wengi niliowaona wakijuta walijibu yote matatu kwa siku moja.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kadi ya chanjo iliyojazwa, si ahadi ya kwenda wiki ijayo.
- Dawa ya minyoo na ya kupe, kwa kipimo cha daktari wa mifugo kulingana na uzito wa mbwa wako. Kumpima ni rahisi: simama kwenye mizani umembeba, kisha simama peke yako, utoe.
- Kigeti cha mbao cha kuziba mlango, kimo cha kiuno. Fundi seremala wa mtaani anakitengeneza kwa mabaki ya mbao. Acha nafasi ndogo kati ya fito. Kichwa cha kitoto cha mbwa hupenya mahali usipotegemea.
- Kamba ya kama mita mbili, na mkanda wa shingo unaopitisha vidole viwili.
- Mkeka wake, au gunia safi lililojazwa matambara. Uwe wake peke yake.
- Vitu viwili vitatu vya kutafuna, kama mpira mgumu usioingia wote mdomoni.
- Ndoo ya taka yenye mfuniko unaobana.
- Daftari, kalamu, na simu ya pili yenye kamera, hata ya zamani.

Muda: mbwa aliyekomaa mpe miezi mitatu hadi sita. Kitoto cha miezi miwili au mitatu, usitarajie kumaliza mwongozo huu kabla hajavuka mwaka, kwa sababu meno yake yataendelea kubadilika hadi karibu miezi saba, na hamu ya kutafuna huendelea hata baada ya hapo.

Hatua ya 1: Kubalianeni nyumbani

Kaeni wote, si baba na mama tu. Dada anayewasaidia kazi ndiye atakayebaki na huyo mbwa saa nyingi kuliko yeyote. Kama anamwogopa, atamfungia nje mkitoka au atamtisha kwa fagio, na mafunzo yote yatavurugika. Neno lake lihesabiwe. Kama mmepanga, mwenye nyumba naye aulizwe mapema. Ni bora akukatalie leo kuliko akutoe baadaye.

Kisha amueni vyumba ambavyo mbwa hatakanyaga kamwe. Huku pwani Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hata kama nyinyi wenyewe hamna shida hiyo, shangazi akija kukaa wiki mbili lazima apate mahali pa kuswali bila wasiwasi, na jirani akija kula futari apewe sahani ambayo haina historia. Tengeni chumba kimoja safi kabisa. Mikeka ya kuswalia na misala ikae humo. Mbwa awe na bakuli lake, sponji lake na karai lake, vikae mbali na jikoni. Nimeona undugu ukipoa kwa sababu ya jambo hili, na kigeti kimoja kingetosha kuuokoa.

Kama kuna mtoto chini ya miaka mitano, hapo hapana mjadala: yeye na mbwa wasiachwe peke yao chumbani hata dakika moja, hata mbwa awe mpole namna gani.

Hatua ya 2: Afya kwanza, ndipo mlango ufunguliwe

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoandika kwenye kadi. Karibu watu 99 kati ya kila 100 wanaougua kichaa cha mbwa duniani huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Akikung'ata mbwa yeyote, wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kitoto kipate pia chanjo ya pavo na distempa, magonjwa mawili ya virusi yanayoua vitoto vya mbwa. Hutolewa kwa awamu, ya kwanza akiwa na wiki sita hadi nane.

Minyoo usiipuuze. Mayai yake hutoka na kinyesi, na mayai hayo au viluwiluwi vinavyoanguliwa humo huweza kumwingia mtu, hasa mtoto anayetambaa na kutia vidole mdomoni.

Sasa kupe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalowafukuza mbwa wengi ndani ya nyumba baada ya miezi miwili. Kupe wa kahawia wa mbwa ni tofauti na kupe wengine: anaweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike akishashiba damu huvimba akawa kama mbegu ya mbarika, hudondoka sakafuni, kisha hupanda ukuta kutafuta ufa, nyuma ya fremu ya mlango au kwenye pembe ya dari. Humo hutaga maelfu ya mayai. Ukiona vitu vidogo kama mbegu za ufuta vinapanda rangi nyeupe ya ukuta wa sebule, ujue umechelewa wiki kadhaa. Kwa hiyo kila jioni, kabla hajaingia, pitisha vidole ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani na katikati ya vidole vya miguu. Mbwa mwenye kupe analala nje mpaka asafike.

Onyo: usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kwa kifuniko cha chupa. Mbwa hufa. Na kama una paka, mwambie daktari kabla hajakupa dawa, kwa sababu permethrini, ambayo mbwa anaivumilia, humuua paka.

Hatua ya 3: Kagua nyumba ukiwa umepiga magoti

Hili watu huliruka. Piga magoti kweli, tembea kwa mikono na magoti kutoka mlangoni hadi stoo, uione nyumba kwa kimo chake.

Mbwa wangu Tomi, wa kienyeji, alikuwa na miezi minane. Alikuwa amekaa wiki nzima bila kukojoa ndani wala kutafuna chochote, nikasema huyu amekua. Nikaenda Kariakoo, nikamwachia nyumba yote kwa saa tatu. Niliporudi alinipokea mlangoni kama kawaida, mkia unapiga ukuta. Nilipoinama kumshika niliona punje tatu za buluu zimenasa kwenye ndevu zake. Niliziangalia kama sekunde tano hivi kabla akili haijanifikia. Mlango wa stoo ulikuwa umesindikwa tu, haukufungwa, na pakiti ya sumu ya panya niliyoiweka nyuma ya gunia la mkaa ilikuwa imepasuliwa vipande. Daktari wa mifugo alimtapisha, kisha akampa vidonge vya vitamini K kwa wiki nne. Aliniambia sumu nyingi za namna ile huzuia damu kuganda na dalili huchelewa siku kadhaa, kwa hiyo ningemwona mzima siku ile na kesho yake, kisha ningempoteza. Tomi alipona. Wiki moja ya utulivu haikunithibitishia chochote, na mlango uliosindikwa kwa mbwa ni mlango wazi.

Unapokagua, ondoa au inua juu:

- Sumu ya panya, dawa ya mende, mafuta ya taa, koili za mbu.
- Dawa za watu. Parasetamoli na ibuprofeni humdhuru mbwa hata kwa kiasi kidogo.
- Chokoleti, zabibu mbichi na kavu, vitunguu maji, vitunguu saumu, na bigijii zisizo na sukari, kwa sababu nyingi zina zailitoli, kitia utamu ambacho kwa mbwa ni sumu.
- Gunzi la mahindi na kokwa la embe. Hivi havina sumu, lakini hukwama utumboni na kumpeleka kwenye upasuaji. Wakati wa msimu wa mahindi ya kuchoma, ndoo ya taka ndiyo hatari kubwa kuliko zote nyumbani.
- Mifupa ya kuku iliyopikwa. Huvunjika vipande vyenye ncha.
- Nyaya za chaja zinazoning'inia, soksi, pedi zilizotumika, vifungo, sindano za kushonea.
- Jiko la mkaa lenye makaa.

Kagua pia grili za madirisha ya ghorofani na ngazi zisizo na kizuizi.

Hatua ya 4: Chumba kimoja, na wewe ukiwemo

Anza na sebule. Milango mingine yote imefungwa, kigeti kimewekwa. Mfunge kamba, ncha nyingine ifunge kiunoni mwako au uikalie. Fanya kazi zako za kawaida. Hapa unamfundisha kutulia tu, kwa hiyo usicheze naye muda wote ukamzoesha kwamba ndani ni mahali pa fujo.

Weka mkeka wake kona inayoona mlango lakini haipitwi na watu. Kila akienda kujilaza mwenyewe, mdondoshee punje ya chakula bila kusema neno. Baada ya siku nne au tano atakuwa anaufuata mkeka. Ndipo uanze kusema "mkekani" kabla hajafika.

Kosa la kawaida: kutumia mkeka kama adhabu. Ukishamfukuzia huko kwa makelele, hautakuwa mahali pa kupumzika tena.

Hatua ya 5: Choo

Mtoe nje akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Kadirio zuri la mchana: umri wake kwa miezi ni karibu sawa na saa anazoweza kujizuia, kwa hiyo wa miezi mitatu ni saa tatu. Simama naye nje mpaka amalize, umpongeze pale pale, si mkisharudi ndani.

Akikosea ndani, usimsugue pua kwenye mkojo. Anachojifunza ni kujificha nyuma ya kochi wakati wa haja. Futa, osha kwa maji na sabuni, malizia na siki iliyochanganywa na maji. Usimwage jiki moja kwa moja juu ya mkojo, kwani vikikutana hutoa hewa inayochoma kifua. Sabuni zenye amonia ziache pia, harufu yake kwake ni kama mkojo na atarudi hapo hapo.

Andika kila kosa kwenye daftari: siku, saa, mahali. Utaona mpangilio ambao kumbukumbu yako isingeuona. Kwangu makosa manne kati ya matano yalikuwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili jioni, wakati kila mtu anarudi na hakuna anayekumbuka kumtoa.

Hatua ya 6: Fungua chumba cha pili

Kanuni yangu ni siku 14 mfululizo bila kosa lolote: hakuna mkojo, hakuna kilichotafunwa, hakuna kilichoibwa mezani. Hapo unaondoa kamba na kufungua chumba kimoja tu zaidi. Siku 14 nyingine, kingine. Akikosea, unarudi chumba kimoja nyuma na kuhesabu upya, bila hasira.

Jikoni ninashauri libaki limezibwa kwa kigeti daima. Mafuta ya moto na mbwa anayepita miguuni ni ajali inayosubiri, na hapo simtetei mbwa yeyote.

Hatua ya 7: Mazoezi ya kumwacha peke yake

Hii ndiyo hatua ngumu. Chagua eneo ambalo ameshalizoea na kulifaulu, si nyumba nzima. Mtembeze kwanza dakika 20 au 30, mpe maji, mpe kitu cha kutafuna. Weka simu juu ya kabati irekodi. Toka bila maagano marefu.

Anza na dakika 5. Kisha 10, 20, 40, saa moja, saa mbili. Usiruke kwenda hatua inayofuata mpaka hatua uliyopo imefanikiwa mara tatu.

Ukirudi, tazama video kabla hujatazama sakafu. Mbwa aliyetulia huzunguka kidogo, hunusa mlango, kisha hulala. Mbwa aliyechoshwa na upweke wa kawaida hutafuta kitu cha kufanya, na hapo ndipo mto wa kochi unapopasuliwa. Mbwa mwenye hofu ni tofauti: hukwaruza mlango uliotokea, hutoa ute mwingi, huhema, hulia bila kukoma, na huanza ndani ya dakika chache za kwanza. Huyu anateseka, hakufanya utundu. Ukimwadhibu utaongeza hofu. Rudi kwenye dakika moja, na kama hakuna nafuu ndani ya wiki kadhaa, muone daktari wa mifugo.

Jambo jingine linalosumbua watu: "Nikirudi ananiinamia kwa aibu, anajua alichofanya." Anasoma sura yako. Kitu alichokipasua saa nne asubuhi, akigombezwa saa tisa alasiri, hawezi kuunganisha.

Hatua ya 8: Usiku

Hapa swali ni moja, hasa kutoka kwa wazee: mbwa akilala ndani, nani atalinda? Najibu kwa ninayoyajua. Mbwa wa ndani husikia geti na hubweka, na mwizi anayesikia mbwa nyuma ya mlango hawezi kumtupia nyama. Wa nje huona zaidi lakini hulishwa sumu, na hupigwa na mvua ya masika bandani. Kama una ua mkubwa na mali iliyoko nje, mbwa wa nje ana kazi, mjengee banda lililoinuka kutoka ardhini na lisilovuja. Kama unachokilinda ni watu waliolala, alale ndani.

Mlaze mwanzoni eneo dogo, karibu na chumba chako ili umsikie akihitaji kutoka. Mwezi mzima ukipita kwa utulivu, ondoa kigeti cha korido. Mkesha wa mwaka mpya na usiku wowote wa fataki mrudishe eneo dogo, madirisha yamefungwa, hata kama ana miaka sita na hajawahi kukosea.

Hatua ya 9: Jaza majibu matatu

Kwenye daftari andika mistari mitatu: *nikiwa macho, nikiwa nimelala, nikiwa sipo.* Mbele ya kila mmoja andika vyumba anavyoruhusiwa. Bandika ndani ya mlango wa kabati ili kila mtu afuate kitu kimoja. Yangu kwa Tomi ilisoma hivi: nikiwa macho, kote isipokuwa jikoni na chumba cha wageni, nikiwa nimelala, sebule na korido, nikiwa sipo, sebule tu. Alikaa hivyo hadi uzeeni na sikuwahi kuona sababu ya kubadili.

Mambo yakienda kombo

*Alikuwa safi, sasa anakojoa ndani tena.* Kwanza daktari. Maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida, na mbwa mzee hupoteza uwezo wa kujizuia. Dume anayeinua mguu kwenye pembe za viti anaweka alama. Kuhasiwa husaidia wengi, si wote.

*Anapanda kochi.* Amueni wote: ndiyo siku zote au hapana siku zote. Mtoto akimruhusu na baba akimfukuza, mbwa hana kosa.

*Ananguruma nikimwambia ashuke.* Usimvute kwa mkanda wa shingo. Tupa chakula sakafuni ashuke mwenyewe, kisha mzuie kufika kwenye hicho kiti kwa muda. Wala usimpige kwa kunguruma. Kunguruma ndilo onyo lake, na mbwa aliyekatazwa kuonya hung'ata bila kuonya.

*Kupe wako ukutani.* Mtibu mbwa, na tibu nyumba siku hiyo hiyo: ziba nyufa, fagia nyuma ya makabati, fua mkeka kwa maji ya moto, mwite fundi wa dawa apulizie, akiwa na habari kwamba kuna mbwa. Rudia, kwa sababu mayai huanguliwa baadaye. Kimoja bila kingine ni kupoteza pesa.

*Nyumba inanuka.* Mara nyingi ni mkeka, masikio au meno, si mbwa mzima. Fua mkeka kila wiki. Kumwogesha kila siku humkausha ngozi na akaanza kujikuna.

*Mbwa alikulia kwenye mnyororo, hataki kuingia.* Kwake kizingiti ni mpaka aliopigwa kila alipouvuka. Usimbebe wala kumburuta. Weka bakuli la chakula nje, hatua mbili kutoka mlangoni, uondoke. Kesho yake hatua moja. Kisha juu ya kizingiti chenyewe, ale akiwa na miguu miwili ndani na miwili nje, mlango ukiwa wazi nyuma yake muda wote. Jirani yangu alichukua siku kumi na tisa kufika hapo na jike wake mweusi. Siku ya ishirini jike yule aliingia peke yake saa nane mchana, akanusa miguu ya viti kimoja kimoja, akajinyoosha kwa ubavu kwenye sakafu ya baridi akafumba macho. Mlango wakauacha wazi mpaka alipoamka, na mazoezi ya Hatua ya 4 wakayaanza kesho yake.